Saa Kumi na Nusu, Barka

Julai, na giza lina joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Nazima gari nyuma ya ghala la majani,
nabadili viatu, mguu mmoja nje ya mlango.
Mabanda kumi na manane, feni kumi na nane,
mbili zimekufa tangu Mei. Mwenye zizi husema: kesho.
Nalipa riali sabini kwa mwezi
kwa ajili ya kesho hiyo.

Wangu yumo banda la kumi na moja.
Kwenye cheti jina lake limejaza mstari,
na baba, na babu, nasaba ndefu kuliko yangu.
Mimi namwita Bibiye.
Ana miaka kumi na tisa, goti la kushoto limevimba kama andazi.
Aliwakimbilia wenye pesa masafa ya jangwani,
akauzwa, akauzwa tena, akanifikia mimi,
karani wa mishahara ya hospitali,
niliyepanda farasi mara ya kwanza nina miaka arobaini na tatu
na kuanguka siku hiyo hiyo.

"Farasi!" alisema mama. "Nyumba hii hata paka hujapata kumlisha.
Anakula nini huyo?"
Nikasema: mshahara wangu.
Hakucheka. Usiku nikamsikia akimsimulia Bi Thuwaiba kwenye simu,
mbavu hana.

Zizini pana Kiarabu cha Batina, pana Kiurdu,
pana Kiingereza cha mwalimu wa Jumanne.
Lakini siku ile ya kwanza juu ya mgongo wake
hofu ilinifutia zote, ikaniachia moja, ya jikoni kwetu:
taratibu, mama. Taratibu.
Sikio moja likageuka nyuma.

Basi tumekaa hivyo miaka mitatu.
"Haya" ni kwenda. "Basi" ni kusimama.
"We!" ni kuacha kunitafunia mkoba.
Telki tunaiweza.
Shoti tunaiogopa wote wawili, kila mmoja na sababu yake.
Sipendezi kwenye tandiko, nimeona picha:
viwiko vinapepea kama vya mtu anayefukuza kuku.
Muzna, wa miaka kumi na mbili, huruka vizingiti kando yangu
na kunikumbusha kwa adabu:
khala, tazama mbele, si chini. Chini hakuna kitu.
Nimekuwa huko chini mara nne, mwanangu. Kipo.

Mwezi wa nne mgongo ulinishika.
Daktari akasema wiki tatu, hata ndoo usiinue.
Nikalala natazama dari, natuma pesa za fundi wa kwato,
nawaza: atanisahau.
Kisha nikawaza, na hili sijamwambia mtu,
heri anisahau, nipumzike.

Siku ya ishirini na mbili nikaja bila kutoa habari.
Karoti mfukoni. Nikasimama nje ya banda.
Ndani, Rafaqat, saisi, mtu wa Gujrat,
ambaye huzungumza na mkewe kwenye simu kila usiku
amekalia gunia la pumba,
ameinama, kidole kinagonga goti lile bovu,
na kwa sauti ya chini, kwa matamshi ya kwao:
"Haya, mama. Mguu. Tara-tiibu."
Bibiye akainua mguu.

Nilimuuliza maana yake nini.
Akafuta jasho kwa mkono wa shati.
"Sijui, madamu. Bila hiyo hasikii."

Jua limeshatoka. Namwagia maji, yanashuka kifuani ya rangi ya chai.
Saa moja na nusu nitakuwa kwenye kiti changu
nikihesabu posho za wauguzi,
unywele mmoja mwekundu kwenye baibui,
na jirani yangu atanusa hewa, asiseme neno.

Jana mama kaniuliza, anachambua mchele, hakuinua uso:
"Goti lake je?"
Limenywea, nikasema. Kidogo.
Akatoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa ungo.